Wild T2 mezani na uwandani: tathmini ya thiodolaiti ya kale kwa mkusanyaji wa vifaa vya upimaji ardhi

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiitunza, nikiisafisha na kuipeleka uwandani thiodolaiti ya Wild T2 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya kale aliyeko Ulaya. Kwa taaluma mimi ni mpima ardhi, na kazi za kila siku nazifanya kwa mashine za elektroniki na vipokezi vya setilaiti kama wenzangu wote. Vifaa vya kale navikusanya kwa mapenzi, na kabla ya T2 nilikwisha kupata dira ya prizma, mnyororo wa kupimia na thiodolaiti ya shaba ya Kiingereza. Tathmini hii inamlenga mtu anayefikiria kununua chombo chake cha kwanza cha aina hii na anayetaka kujua anachokilipia. Msimamo wangu nautanguliza: chombo cha kupimia hakifanani na vitu vingine vya kale, kwa sababu unaweza kukitahini nacho kikakujibu kwa tarakimu, na miongoni mwa vyote nilivyowahi kuvishika, T2 ndiyo inayojibu kwa uaminifu mkubwa kuliko bei yake inavyodokeza.

Thiodolaiti, kwa msomaji asiyeijua, ni darubini iliyofungwa juu ya maduara mawili yaliyogawanywa kwa nyuzi, moja la mlalo na moja la wima, ili mpimaji aweze kuelekeza jicho lake kwenye alama ya mbali na kusoma pembe. Kwa karne mbili na zaidi ramani za dunia zilijengwa juu ya pembe hizo. Jesse Ramsden wa London alikamilisha mwaka 1787 thiodolaiti yake kubwa yenye duara la inchi 36, chombo kizuri ajabu kilichokuwa na uzito wa takribani ratili 200, yaani kama kilo 90, na ambacho kilihitaji gari na wanaume kadhaa ili kifike juu ya kilima. Ukubwa wa duara ndio uliokuwa ukileta usahihi, maana mistari iliyochongwa kwenye chuma haikuweza kukaribiana mno bila kuchanganyika machoni, na kwa hiyo aliyetaka kusoma hadi sekunde za pembe (nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja sekunde 60) alilazimika kubeba mzigo.

Mtu aliyevunja mzunguko huo alikuwa Heinrich Wild, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1877, ambaye kabla ya kuwa mbunifu alikuwa mpima ardhi wa milimani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 alipanda milima ya Dents du Midi na thiodolaiti ya zamani, akatumia muda mrefu mno kuirekebisha kabla ya kuanza kupima, na alipokuwa tayari hali ya hewa ikaharibika, akashuka bila kipimo hata kimoja. Mimi mwenyewe nimewahi kushuka kilimani kwa sababu ya mvua nikiwa na daftari tupu, na ninaamini kwamba ubunifu wake wote uliofuata unasomeka vyema zaidi ukikumbuka siku hiyo. Alifanya kazi kwa Zeiss huko Jena, akarudi Uswisi, na mwaka 1921 akaanzisha karakana katika mji mdogo wa Heerbrugg pamoja na Jacob Schmidheiny na Robert Helbling. T2 ilitoka katika karakana hiyo katika miaka ya 1920, na iliendelea kutengenezwa, ikiboreshwa hatua kwa hatua, kwa miongo mingi. Jina la Wild baadaye liliingia katika kampuni inayojulikana leo kama Leica.

Siri ya chombo hiki imo ndani ya duara lake la kioo na namna linavyosomwa, na hapa nitachukua muda, kwa kuwa anayenunua T2 bila kuelewa jambo hili atakuwa amenunua pambo. Duara lolote lililofungwa juu ya mhimili lina kasoro ndogo: kitovu cha migawanyo yake hakiwi hasa pale ulipo kitovu cha mzunguko. Kasoro hiyo huongeza usomaji wa upande mmoja kwa kiasi kilekile inachoupunguza ule wa upande unaoukabili. Wapimaji wa zamani walilijua hilo, wakaweka visomeo viwili, mmoja kila upande. Mpimaji alisoma wa kwanza, akazunguka chombo kwa tahadhari asije akatikisa miguu mitatu kilichosimamia, akasoma wa pili, kisha akatafuta wastani. Wild alizileta pande zote mbili za duara, kwa njia ya prizma, mbele ya jicho moja. Kwenye dirisha dogo la hadubini iliyo kando ya darubini unaona safu mbili za mistari, moja juu ya nyingine, na ukizungusha kirungu cha maikromita, yaani kipimio cha visehemu vidogo, safu hizo hutembea kwa kupishana hadi mistari ya juu ikutane sawasawa na ya chini. Zikikutana, wastani umekwisha kupatikana bila hesabu yoyote.

Baada ya hapo unasoma namba ya nyuzi iliyosimama wima, unahesabu nafasi zilizopo kati yake na namba mwenzake iliyo kichwa chini yenye tofauti ya nyuzi 180, kila nafasi ikiwa ni dakika 10, kisha unasoma dakika na sekunde zilizobaki kwenye dirisha la chini. Sekunde moja inasomwa moja kwa moja, na mwenye jicho zuri anakadiria sehemu yake. Kwa siku mbili za kwanza nilikosea kuhesabu nafasi hizo mara nyingi. Siku ya tatu mkono ulikwisha kuzoea, na tangu hapo naona kwamba kitendo cha kulinganisha mistari ni miongoni mwa vitendo vya kupendeza zaidi katika kazi ya upimaji, kwa sababu jicho la binadamu hutambua mistari miwili iliyopishana kwa unyoya tu, na Wild aliliachia jicho kazi linaloiweza. Sekunde moja ya pembe, kwa umbali wa kilomita moja, ni takribani milimita 5 pembeni. Kuona chombo kilichokaa juu ya meza, ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba mgongoni, kikitenganisha milimita 5 kwenye kilomita, bila betri wala skrini, kwangu mimi ni furaha isiyopungua.

Sasa nieleze hali ya chombo kilipofika. Muuzaji aliandika kwamba kinafanya kazi kikamilifu, na picha zake zilionyesha rangi ya kijani iliyotunzwa, lenzi ya mbele safi na kasha la chuma lenye umbo la kuba likiwa na vifungo vyake vyote. Kasha hilo linastahili sifa zake: chombo husimama juu ya kitako, hubanwa, kisha kifuniko hushushwa juu yake na kufungwa kando, na nadhani vyombo vingi vya aina hii vimebaki hai kwa sababu ya kasha kuliko sababu nyingine yoyote. Hata hivyo picha hazionyeshi grisi. Nilipokizungusha kwenye mhimili wa wima nilihisi mkono ukivutana na kitu kizito, kama mtu anayekoroga uji uliopoa, na skrubu ya mwendo mdogo ya duara la mlalo ilikataa kabisa kugeuka upande mmoja. Grisi ya awali ilikuwa imekauka, jambo la kawaida kwa vyombo vya miaka mingi vilivyowekwa stoo bila kuguswa. Nilimwandikia muuzaji, naye akajibu kwa adabu kwamba kwake yeye kufanya kazi kulimaanisha kwamba picha inaonekana ndani ya darubini. Tangu siku hiyo humuuliza kila muuzaji maswali mahususi: je, mhimili wa wima unazunguka kwa kusukumwa kwa kidole kimoja, je, kila skrubu ya mwendo mdogo inakwenda mwanzo hadi mwisho, je, mistari ya maduara yote mawili inaonekana kwa uwazi na inaweza kukutanishwa. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu humwambia anitumie video fupi, na anayekataa video simnunulii.

Kosa langu lingekuwa kulazimisha. Chombo chenye grisi iliyokauka kikisukumwa kwa nguvu huharibu nyuzi za skrubu na huweza kukwaruza mhimili uliosagwa kwa usahihi wa hali ya juu, na uharibifu huo hautengenezeki. Nilikipeleka kwa fundi mzee aliyejifunza kazi hii katika idara ya serikali kabla ya kustaafu, mtu asiyefungua kitu kabla hajaandika kwenye karatasi mpangilio wa kila kipande. Alisafisha mhimili, akaweka mafuta mepesi, akaikomboa skrubu, na akakataa kugusa duara la kioo. Ninakubaliana naye kabisa. Mistari ya duara hilo ni myembamba kiasi kwamba kitambaa kilichokusudiwa kusafisha kinaweza kuifuta, na T2 iliyofutwa mistari ni chuma kizuri kisichosema kitu. Fundi wa kamera, hata awe hodari kiasi gani, hafai kwa kazi hii kama hajawahi kuifanya.

Baada ya matengenezo ndipo nilipokipa mtihani, na huu ndio mtihani ninaomshauri kila mnunuzi aufanye ndani ya wiki ya kwanza, akiwa bado anaweza kurudisha mzigo. Uliza chombo swali lilelile mara mbili. Lenga alama ya mbali iliyo wazi, kwa mfano ncha ya mnara, ukasome duara la mlalo. Kisha pindua darubini, zungusha chombo nusu mzunguko, lenga alama ileile kwa uso wa pili, ukasome tena. Tofauti inapaswa kuwa nyuzi 180 kamili. Kwangu uso wa kushoto ulitoa nyuzi 47, dakika 12, sekunde 36, na uso wa kulia nyuzi 227, dakika 12, sekunde 52. Zimezidi sekunde 16, kwa hiyo mstari wa kuona umepinda kwa sekunde 8, na wastani wa nyuso mbili, nyuzi 47, dakika 12, sekunde 44, hauna kosa hilo. Kwa duara la wima jumla ya nyuso mbili inapaswa kuwa nyuzi 360. Nilipata nyuzi 88, dakika 41, sekunde 20 na nyuzi 271, dakika 18, sekunde 52, yaani ziada ya sekunde 12, ambayo ni kosa la sekunde 6 kwenye sifuri ya duara. Nilirudia mara sita katika nyakati tofauti za siku, na ziada hizo zilibaki karibu palepale. Jambo la kutazama ni huko kubaki palepale. Kosa kubwa lisilobadilika huondolewa kwa wastani au kwa kugeuza skrubu ya marekebisho, lakini kosa dogo linalorukaruka ni dalili ya kitu kilicholegea ndani, na chombo cha namna hiyo kirudishwe mara moja.

Mwisho nilipima pembetatu. Nilichagua nukta tatu kwenye uwanja mpana, zikiwa zimeachana kwa mita mia kadhaa, nikasimamisha chombo juu ya kila moja kwa zamu na kupima pembe za ndani kwa nyuso zote mbili, duru nne. Jumla ilikuwa nyuzi 179, dakika 59, sekunde 57. Zilipungua sekunde 3 tu, na sehemu ya upungufu huo naamini ni yangu, kwa kuwa kukiweka chombo juu kabisa ya nukta kwa umbali mfupi kama ule ni kazi ngumu kuliko kusoma pembe yenyewe. Chombo kilichotengenezwa kabla sijazaliwa kilinipa jibu ambalo ningelipokea bila kusita katika kazi rasmi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kukitazama chombo cha namna hii kwa heshima. Ramani zetu zilizaliwa kwa upimaji wa pembetatu, yaani kupima pembe kati ya nukta za mbali na kukokotoa umbali wake. David Gill, aliyekuwa mwanafalaki huko Rasi ya Tumaini Jema, alipendekeza mwaka 1879 mnyororo wa pembetatu utakaopanda kutoka kusini mwa bara hili hadi kaskazini kwa kufuata longitudo 30 Mashariki. Martin Hotine, mpima ardhi wa jeshi la Uingereza, alipima sehemu ya Tanganyika kati ya mwaka 1931 na 1933, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo tulipata mfumo wa marejeo unaoitwa Arc 1960, yaani msingi mmoja wa kutajia mahali pa kila nukta kwa tarakimu, ambao wapima ardhi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaufahamu vizuri hata leo, kwa kuwa viwanja vingi vya zamani vimeandikwa kwa tarakimu zake za mahali. Urefu wa Kilimanjaro tuliokariri shuleni, mita 5,895, ulitokana na upimaji wa mwaka 1952; vipokezi vya setilaiti vilivyopandishwa kileleni mwaka 1999 na mwaka 2008 vilitoa takribani mita 5,892. Tofauti ya mita 3 kwa kilele kilichopimwa kwa kulengwa kutoka mbali, kupitia hewa inayopinda mwanga, inanifanya niwavulie kofia waliokaa nyuma ya darubini hizo. Wale waliobeba masanduku, waliofyeka vichaka ili mstari wa kuona upatikane na waliokesha wakiwasha taa juu ya vilima, maana usiku hewa hutulia kuliko mchana, majina yao hayamo kwenye ramani. Ninaponyanyua kilo 5 na nusu za T2 yangu huwa nawafikiria hao kwanza.

Kasoro za chombo hiki zipo, na mnunuzi azijue mapema. T2 za zamani, kama yangu, huonyesha picha kichwa chini. Mpimaji huzoea, lakini mgeni ukimkaribisha atazame mnara wa msikiti au kanisa atadhani kuna kitu kimeharibika. Zile za baadaye huonyesha picha iliyosimama, na duara lao la wima hujiweka sawa lenyewe, ilhali kwenye ya zamani ni lazima kabla ya kila usomaji wa wima ukutanishe nusu mbili za kiputo cha pimamaji ndogo iliyo kando, hatua ambayo ni rahisi kuisahau na inayoharibu kipimo kimyakimya. Kirungu kinachobadilisha kati ya duara la mlalo na la wima, chenye mstari mwekundu, nacho huwatega wengi: unaweza kusoma duara la wima kwa dakika nzima ukiamini unasoma la mlalo. Vioo vidogo vinavyoingiza mwanga ndani ya maduara hupotea au hupata madoa, na bila mwanga wa kutosha mistari huonekana hafifu hata kama duara ni zima.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya migawanyo. Wild walitengeneza T2 za aina mbili, zenye duara la nyuzi 360 na zenye duara lililogawanywa sehemu 400, kwa ajili ya nchi za Ulaya zinazotumia mgawanyo huo. Wauzaji wengi hawalitaji jambo hili kwa kuwa hawalijui. Njia ya kulitambua kwa picha ni kumwomba muuzaji alaze darubini mlalo na kupiga picha ya dirisha la duara la wima: ikisomeka karibu na 90, ni ya nyuzi, ikisomeka karibu na 100, ni ya sehemu 400. Chombo cha pili hakina upungufu wowote wa ubora, lakini mtu atakayetaka kukilinganisha na hati za zamani za hapa kwetu atajikuta akibadilisha tarakimu kila mara.

Katika kundi la vyombo vya sekunde moja, T2 ina wapinzani wawili wanaostahili kutajwa. Wa kwanza ni Kern DKM2 kutoka Aarau, kampuni ambayo Wild mwenyewe alikwenda kuibunia vyombo baada ya kuachana na karakana yenye jina lake. Ni chombo chepesi na cha kuvutia sana, lakini namna kinavyofungwa juu ya miguu mitatu ni ya Kern pekee, na ukikinunua bila miguu yake utasubiri muda mrefu. Wa pili ni Theo 010 ya Zeiss wa Jena, inayopatikana kwa bei nafuu na yenye darubini angavu. Thiodolaiti yangu ya Cooke, Troughton & Simms ya York haishindani nazo kwa usahihi, kwa kuwa ina visomeo viwili vya shaba vinavyotoa sekunde 20, ila ukiiweka sebuleni kila mgeni huiendea kwanza. Shaba yake sijaing'arisha wala sitaing'arisha; ile rangi ya asali ni vanishi ya kiwandani, na mkusanyaji anayeifuta ili shaba imetemete huwa ameondoa kitu kisichorudi. Mnyororo wa Gunter nao, futi 66 zenye pingu 100, unafaa kuwa nao kwa bei yake ndogo, na unaeleza kwa nini eka ina ukubwa ule tunaoujua: ni eneo la minyororo 10 ya mraba.

Kwa anayeishi pwani, adui ni unyevu. Kuvu huota kati ya lenzi kama nyuzi za utando wa buibui, na ikishatia mizizi hula kioo chenyewe. Nilipokuwa naishi Dar es Salaam dira yangu iliharibika namna hiyo ndani ya kasha la ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuvu huipenda. T2 haikai tena ndani ya kasha lake muda wote. Hukaa kwenye kabati la kioo lenye taa ndogo inayotoa joto kidogo, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo huvikausha kila mwezi, na kila wiki mbili huitoa na kuizungusha kwenye mihimili yake yote ili grisi isilale tena. Isafirishwapo huiweka kwenye kasha, na kasha huliweka mapajani au juu ya mto, kamwe haliwi kwenye buti la gari peke yake.

Kuna jambo la uhalali ambalo wakusanyaji wenzangu hawalizungumzi vya kutosha. Vyombo vingi vilivyoko nchini viliwahi kuwa mali ya umma, vya wizara, vyuo au miradi, na baadhi vina namba ya mali iliyochongwa au kupakwa rangi. Omba karatasi inayoonyesha kwamba kiliuzwa kihalali, na kama haipo, kiache, hata kama moyo unauma. Vilevile usinunue wala kukubali zawadi ya bikoni, bamba la shaba la nguzo ya upimaji au alama yoyote iliyong'olewa ardhini. Kuing'oa ni kosa la jinai, na nyuma ya kila alama iliyotoweka kuna jirani wawili watakaogombana juu ya mpaka ambao ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Nimeshuhudia familia mbili zikitumia miaka mahakamani kwa sababu ya jiwe moja la zege lililohamishwa. Kitu hicho hakina nafasi katika mkusanyo wa mtu anayeipenda taaluma hii.

Kwa upande wa gharama, nililipa jumla ya shilingi 1,150,000 pamoja na usafirishaji, na shilingi 380,000 zaidi kwa fundi. Miguu mitatu ya mbao sikuipata pamoja na chombo, nikalazimika kuitafuta peke yake, na hilo ni kosa langu la kutouliza; miguu ya alumini ya siku hizi inaweza kutumika kama skrubu ya katikati inaoana, ila ya mbao hutulia zaidi juani. Ningenunua tena? Ndiyo, na safari hii ningechagua ya nyuzi 360, ya picha kichwa chini, yenye kasha na miguu yake, iliyokwisha kuhudumiwa na fundi, hata kama bei ingepanda kwa theluthi moja. Mtu anayetaka pambo tu anunue thiodolaiti ya shaba, atafurahi zaidi. Mwanafunzi anayetaka kuelewa usomaji wa pembe bila kutumia fedha nyingi aanze na T16 ya kampuni hiyohiyo, inayosoma dakika moja kwenye skeli rahisi na ambayo huuzwa kwa bei ya chini. T2 naipendekeza kwa yule atakayeitoa kabatini asubuhi ya Jumapili, aisimamishe juu ya nukta, ainyooshe pimamaji, na kuipima pembetatu ya uwanja wa jirani hadi jumla ikaribie 180. Yangu kwa sasa inasubiri mvua za masika ziishe, kwani nimekwisha kupata ruhusa ya kuisimamisha juu ya nguzo moja ya zamani ya upimaji, nilinganishe pembe zake na zile zilizoandikwa kwenye hati.